Moto wa Betri Unakwenda Wapi Usiku?

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati ya mafundi katika mkutano wa madereva, matanboi na mafundi wa gereji



Tumeombwa tuseme leo juu ya jambo ambalo huenda wengine wenu wakalicheka, kwa sababu si habari ya nyongeza ya mshahara wala ya saa za kazi. Ni habari ya betri. Lakini tunawaombeni mtusikilize mpaka mwisho, kwa maana betri hii tutakayoisema ilikula mshahara wa mwenzetu mmoja, na ilibaki kidogo tu imle na kazi yake.

Mambo yalikuwa hivi. Mwenzetu huyo ni dereva wa pikapu ya dizeli, gari la zamani lakini lenye nguvu bado, linalobeba mizigo kila siku ya kazi. Jumamosi saa saba mchana hulirudisha uwanjani na kumpa karani ufunguo. Jumatatu moja akaja saa kumi na mbili asubuhi, akazungusha ufunguo, starta ikalia tak, tak, basi. Walisukuma gari mpaka likawaka. Jumatatu ya pili ikawa vivyo hivyo. Meneja akasema, "Wewe dereva unaacha taa zinawaka." Dereva akakana. Betri mpya ikanunuliwa, na bei yake ikaandikwa juu ya dereva, akatwe mshahara miezi mitatu. Jumatatu ya tatu, betri ile mpya nayo ikalala. Hapo akapewa barua ya onyo, akaambiwa barua ikifika ya pili hakuna ya tatu.

Mwenzetu alikuja ofisi ya chama akiwa na barua hiyo mkononi. Na tuseme kweli, ndugu, hata sisi wa kamati tulipoisoma mara ya kwanza tulitazamana. Mmoja wetu alimwuliza, "Ndugu, una hakika hukuacha taa?" Akajibu kwamba askari wa usiku huzunguka uwanjani kila saa, na ana kitabu chake. Tulikwenda kukitazama kitabu kile. Kwa Jumamosi zote tatu na Jumapili zote tatu askari ameandika kwa kalamu yake kwamba magari yote yamezimwa taa. Basi tukaona haya kwa swali letu, na tukasema, ikiwa dereva hakuacha taa, iko kitu kingine kinachokunywa moto wa betri usiku watu wakiwa wamelala. Kitu hicho sharti kitafutwe.

Kwanza tuelewane betri ni nini na hesabu yake ni ipi. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2 na kitu kidogo. Betri iliyojaa vizuri, ikipimwa baada ya kupumzika saa kadhaa, husoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imepungua robo. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma 12.0 imebaki kama robo, na gari la dizeli asubuhi ya baridi halitawaka. Msiipime mara tu injini inapozimwa, kwa kuwa wakati huo husoma juu kuliko ukweli wake. Ngojeni ipumzike.

Ubavuni mwa betri imeandikwa hesabu nyingine, ya ampea kwa saa. Betri ya pikapu ile ni ya 70. Maana yake, tukichukulia kwa wepesi, ni kwamba ina ampea 70 za kutumia kwa saa moja, au ampea 7 kwa saa 10, au ampea 1 kwa saa 70. Ni kama pipa la maji. Bomba likiwa wazi sana pipa huisha upesi, likidondoka tone tone huisha polepole, lakini huisha.

Sasa tupige hesabu pamoja. Kutoka Jumamosi saa saba mchana mpaka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 41. Taa ndogo ya ndani ya gari, ile ya wati 5, hula kama ampea 0.4. Kwa saa 41 itakuwa imekula ampea-saa 17 hivi. Betri nzima itavumilia hiyo, betri iliyochoka haitavumilia. Lakini kitu kikila ampea 1.2, kwa saa hizo 41 kitakula 49. Toa 49 katika 70, zinabaki 21. Hapo starta haizungushi kitu. Angalieni pia kwamba siku za kazi hasara hiyo haionekani. Gari likilala saa 12 tu, linapoteza 14 hivi, na asubuhi linawaka, kisha likitembea mchana betri inarudishiwa. Ndiyo sababu ubaya ulionekana Jumatatu tu. Anayeamka Jumatatu na kukuta betri imelala, kisha siku nyingine zote gari linawaka, na apige hesabu hii kabla hajamlaumu mtu.

Gari lolote huweza kula kidogo likiwa limezimwa. Saa ya ukutani mwa dereva, kumbukumbu ya redio, vitu hivyo hula. Kwa gari la zamani ampea 0.02 au 0.03 si neno. Kwa magari mapya yenye kompyuta, ampea 0.05 huhesabiwa kuwa ni kawaida. Zaidi ya hapo sharti utafute.

Tulikwenda kutafuta Jumapili asubuhi, kwa ruhusa ya meneja tuliyoiomba kwa barua, tukiwa na fundi mmoja wa chama, dereva mwenyewe, na karani wa uwanja awe shahidi. Tutawaeleza hatua kwa hatua, pamoja na makosa yetu, ili ninyi msiyarudie.

Hatua ya kwanza ni usalama. Maji ya betri ni asidi ya salfa, hula nguo, ngozi na macho. Betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Msivute sigara karibu nayo. Vueni pete na saa za chuma, kwa maana spana au pete ikigusa kichwa cha betri na bodi kwa pamoja, chuma huwa chekundu na kidole hukatika. Unapofungua betri, anza daima na ule waya unaokwenda kwenye bodi. Katika magari mengi huo ni wa alama ya kutoa. Lakini wazee wetu wanakumbuka kwamba magari mengi ya Uingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yalifungwa kinyume, alama ya kujumlisha ndiyo iliyokwenda kwenye bodi. Kwa hiyo fuata waya kwa macho, usifuate mazoea.

Hatua ya pili ni kuipima betri yenyewe, maana huenda betri ndiyo mbovu na gari halina hatia. Ichaji ijae, ifungue nyaya zake zote mbili, iache usiku mmoja peke yake. Asubuhi ikiwa imeshuka sana bila kufungwa kwenye kitu chochote, betri imekufa, na hakuna sababu ya kutafuta zaidi. Utazame pia uchafu wa juu yake. Vumbi lililolowa asidi hupitisha moto kutoka kichwa hata kichwa. Isugue kwa maji yenye magadi, uangalie yasiingie vyumbani, uikaushe. Betri ya mwenzetu ilikuwa mpya na safi, na asubuhi ilisoma 12.6. Basi betri ilikuwa haina kosa.

Hatua ya tatu ni kupima kinachokwenda nje. Asiye na mita asikate tamaa. Chukua balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili. Fungua waya wa bodi kwenye betri, kisha funga balbu katikati, ncha moja kwenye kichwa cha betri, ncha nyingine kwenye waya uliofunguliwa. Gari likiwa limezimwa, balbu isipowaka hakuna hasara kubwa. Ikiwaka hafifu, kiko kitu kidogo. Ikiwaka sana, kiko kitu kikubwa au shoti. Njia hii imetumiwa na mafundi miaka mingi na ni nzuri kwa gari la zamani.

Mwenye mita ataijua hesabu kamili. Weka mita kwenye ampea 10, na waya wake mwekundu uhamishie kwenye tundu la ampea 10, kisha uifunge mahali pale pale pa balbu, katikati ya kichwa cha betri na waya wa bodi. Hapa pana makosa mawili yanayoharibu mita kila siku. La kwanza ni kugusisha mita iliyo kwenye ampea katika vichwa viwili vya betri. Hiyo ni shoti, na fyuzi ya mita itakatika, au mbaya zaidi. La pili ni kuzungusha starta mita ikiwa imefungwa. Starta hutaka mamia ya ampea, mita yako ni ya kumi.

Sasa kosa letu sisi. Tulifunga mita, ikasoma 1.6. Tukashangilia, tukaanza kuchomoa fyuzi. Kumbe mlango wa dereva ulikuwa wazi, na taa ya ndani ilikuwa inawaka juani bila kuonekana. Dereva ndiye aliyeiona. Tulipokibonyeza kile kiswichi cha mlangoni kwa kidole, mita ikashuka ikasoma 1.2. Ile 0.4 ilikuwa ya taa, nasi ndio tuliokuwa tumeiwasha. Basi kabla ya kupima, fungeni milango, au kama mnataka kufikia fyuzi, kifungeni kiswichi cha mlango kwa utepe kikiwa kimebonyezwa. Kwa gari lenye kompyuta ngojeni nusu saa au zaidi, kwa kuwa kompyuta hizo huchelewa kulala.

Hatua ya nne ni kuchomoa fyuzi moja moja huku mwingine anatazama mita. Chomoa, tazama, rudisha pale pale, andika. Mita ikishuka ghafla, njia ya fyuzi hiyo ndiyo yenye mwizi. Hapo fuata kila kitu kinachokula katika njia hiyo: taa ya ndani, taa ya kisanduku, swichi ya breki, honi, redio. Tazama rilei pia. Rilei iliyoganda huwa na uvuguvugu ukiishika gari likiwa limelala. Zaidi ya yote tazama vitu vilivyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani. Redio iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri, king'ora cha wezi, chaja ya simu, na kile chombo cha kufuatilia gari ambacho matajiri wengi siku hizi wanakifunga. Hatusemi chombo hicho ni kibaya. Tunasema kimefungwa na mtu, na mtu hukosea waya.

Sisi tulichomoa fyuzi zote. Ya redio ilishusha mita kidogo sana, hata ilikuwa shida kuiona. Nyingine hazikushusha kitu. Mwishowe kisanduku kilikuwa kitupu, na mita bado ilisoma 1.2. Karani akatutazama kama watu walioshindwa, na yule dereva akakaa chini kwenye jiwe.

Ndugu, hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kusema, "Ni betri tu, nunua nyingine." Lakini fundi wetu alituuliza swali moja. Ni nyaya gani katika gari hili zisizopitia kisanduku cha fyuzi? Zilikuwa tatu: waya mnene wa starta, waya wa swichi ya ufunguo, na waya mnene wa altaneta. Akaweka kiganja chake juu ya altaneta. Injini ilikuwa haijawaka tangu jana, chuma chote kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, lakini altaneta ilikuwa na uvuguvugu.

Tueleze sababu yake. Altaneta hutoa umeme unaokwenda na kurudi, na betri hautaki huo. Kwa hiyo ndani yake vimewekwa vidude vinavyoitwa diodi, kwa kawaida sita vikubwa, na kazi yake ni kama valvu ya tyubu ya baisikeli. Upepo unaingia, hautoki. Moto unakwenda kwenye betri, haurudi. Diodi ikiungua, valvu inavuja. Mchana injini ikizunguka altaneta bado inachaji, ingawa kwa unyonge, na dereva haoni kitu. Usiku injini ikisimama, moto wa betri unarudi ndani ya altaneta na kuwa joto la bure. Wazee walioendesha lori zenye daynamo watakumbuka jambo la jamaa yake, yaani katauti. Pointi zake zikishikana, betri ilikuwa inajimwaga ndani ya daynamo usiku kucha.

Kuhakikisha, tulifungua kwanza betri kabisa, maana waya mnene wa altaneta una moto wakati wote na spana ikiteleza ni hatari. Tukafungua waya ule, tukauzungushia utepe ncha yake, na ile plagi ndogo ya pembeni tukaichomoa. Tukarudisha fyuzi zote mahali pake, tukafunga mita tena. Ikasoma 0.02. Tukafunga altaneta tena kwa kufuata utaratibu ule ule, mita ikasoma 1.2. Tukafungua, 0.02. Tulifanya mara tatu mbele ya karani, naye akaandika kwa mkono wake na kutia sahihi. Onyo moja kwenu: msiwashe injini kamwe altaneta ikiwa inafanya kazi na betri imefunguliwa, mtaiunguza altaneta hata iliyo nzima.

Diodi zilibadilishwa. Betri ile ile mpya ikafungwa. Jumatatu iliyofuata gari likawaka kwa mzunguko wa kwanza, na tangu siku hiyo halijasukumwa.

Sasa tufike kwenye lililotuleta hapa. Kupata diodi ni kazi ya ufundi. Kupata mshahara wa mwenzetu ni kazi ya chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inasema mwajiri aweza kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Sikilizeni maneno hayo, kosa la makusudi. Diodi iliyoungua ndani ya altaneta si kosa la makusudi la dereva, wala la tanboi, wala la askari. Kifungu hicho hicho kinasema makato yote pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara. Kifungu cha 20 kinakupa haki ya kupewa karatasi ya mshahara inayoonyesha kila kilichokatwa na sababu yake. Na kifungu cha 41 kinasema kwamba mfanyakazi anayetaka kuachishwa kwa kosa la kazini sharti kwanza aelezwe sababu na asikilizwe, naye ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama kazini wakati wa kusikilizwa.

Tulikwenda kwa meneja na karatasi tatu: kurasa za kitabu cha askari, hesabu ya saa 41, na vipimo vya mita vyenye sahihi ya karani. Hatukupiga kelele. Meneja alisoma, akaomba kuonyeshwa mita, akaonyeshwa. Makato yalisimamishwa mwezi huo huo, yaliyokwisha kukatwa yakarudishwa kwa mara mbili, na barua ya onyo ikafutwa kwa barua. Tulidai hiyo barua ya kufuta, kwa maana neno la mdomo halikai katika faili.

Basi tunawaombeni mambo manne. Dereva, unaporudisha gari, andika tarehe, saa, na kwamba taa zimezimwa, umwombe karani au askari atie sahihi. Tanboi, ukiona taa ndogo ya chaji inawaka hafifu au starta inachoka, sema siku hiyo hiyo, na iandikwe katika kitabu cha makosa ya gari. Fundi, usiseme "betri imekufa" kabla hujaipima, kwa sababu neno lako moja linaweza kuwa mshahara wa mwenzako wa miezi mitatu. Nanyi wajumbe wa kila uwanja, mkiletewa barua ya namna hii, msiulize kwanza kama ndugu yenu aliacha taa. Sisi tuliuliza hivyo, na mpaka leo tunaona haya.

Kamati imenunua mita moja kwa fedha za tawi. Inakaa ofisini, na mwanachama yeyote aweza kuiazima kwa kutia sahihi, arudishe siku ya pili yake. Asiyejua kuitumia na aje Jumapili yoyote asubuhi, fundi wetu yuko, na altaneta ile mbovu tumeiweka mezani imefunguliwa, mpate kuziona diodi kwa macho yenu.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Wenye maswali na waulize.